Nukta za Penseli

Jumatatu, 3 Februari. Asubuhi mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yameanza kuisikia ile dawa ya kuchua. Sisi huku hatujambo. Mwanao ana mafua lakini anakula, kwa hiyo sina wasiwasi. Siku atakayoacha kula ndiyo siku nitakayokupigia simu, hata kama masikio yako hayapatani nayo. Msalimie sana wifi na watoto wake.

Unisamehe kwa kuanza na hali ya hewa. Ni mazoea ya daftari langu la kila siku, mkono unakwenda wenyewe.

Nina habari za kazini, na zinakuhusu. Wiki mbili zilizopita Mkurugenzi alituita sote, hata fundi wa miguu ya bandia akaja na vumbi la karakana mpaka kwenye nyusi. Alisema kumbukumbu za wachangiaji wetu zinahamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta, na ikifika Juni mosi droo zako zinafungwa. Nasema zako kwa sababu hakuna hapa anayeziita vinginevyo. Mimi nimekalia kiti hiki tangu Oktoba tu, wewe ulikikalia miaka ishirini na sita. Watu bado wanaingia, wananiona, wanauliza, "Mama wa kadi yuko wapi?"

Mpango wa kuhama nimepewa mimi niuandike. Nimeugawa katika hatua sita na kuubandika ukutani: kuhesabu kadi, kuzisafisha, kuzipitisha kwenye skana, kujaribu kwanza na kadi hamsini, kutumia mifumo yote miwili kwa mwezi mmoja, wa zamani na mpya, kisha kufunga. Kuhesabu nimemaliza. Ni kadi elfu tatu mia tisa na arobaini.

Ameajiriwa mama mmoja mtaalamu wa kutusimamia kwa miezi michache. Fundi amempa jina la Bi Mfumo, mwenyewe analijua na halimkeri. Ijumaa aliniuliza swali ambalo nakuletea wewe mwenye kadi. Alisema, "Kwenye hizo droo kuna jambo lolote ambalo mfumo wangu hauna kisanduku chake?"

Mimi ninayo mawili. Kwanza, wino mwekundu na wa buluu. Pili, nyumba zenye kadi mbili au tatu: niziunganishe? Na kama kuna la tatu ambalo siulizi kwa sababu silijui, tafadhali niambie.

Mkweo.


Jumatatu, 17 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako imenikuta nimekaa kibarazani nachambua mchele na kusikiliza mifupa yangu. Dawa ya kuchua inanukia vizuri, zaidi ya hapo sina la kuisifia. Wifi yako hajambo, anakusalimu, anasema mafua ya kaka yake ni uvivu uliopata jina.

Umefanya vema kuandika. Simu inanipigia kelele tu, mtu akisema "shikamoo" nasikia "sogea".

Wino mwekundu ni waliofariki. Wa buluu ni walio hai. Kadi ya mtu akifa niliiandika upya yote kwa wekundu, nikairudisha palepale, sikuitupa. Nyumba zenye kadi mbili usiziunganishe. Mume na mke wanaweza kulala kitanda kimoja na kila mtu akawa na mkono wake wa kutoa. Kuna bwana mmoja kule kwenye droo ya tano, yeye na mkewe hawajasemeshana miaka sita, lakini wote wawili wanatuchangia kila mwezi, kila mmoja kwa siri ya mwenzake. Ukiwaunganisha utawapatanisha au utawafanya wauane, na sisi kazi yetu ni miguu.

La tatu sikumbuki kama lipo. Ukikwama, uliza. Nipo.

Mkurugenzi mwenyewe hakuona haja ya kuniuliza, naona. Msalimie.

Mama yako.


Jumatatu, 14 Aprili. Jua kali tangu saa moja, hakuna upepo.

Mama,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Mwanao amepona mafua na amehamia kwenye bomba la jikoni: amelitengeneza mara tatu na sasa linavuja sehemu mbili. Nimemwomba apumzike.

Kazi imekwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuandika kwenye ule mpango. Kadi zote zimepita kwenye skana. Kilichotuchelewesha ni uchafu. Skana ni kama mpelelezi, ikiona kidoa inadhani ni namba, ikiona mkwaruzo inadhani ni herufi. Kwenye majaribio ya kadi hamsini ilimpa mchangiaji mmoja umri wa miaka mia tatu na nne. Basi nilinunua raba sita, nikakaa wiki mbili nikifuta alama za vidole, mistari, na vile vinukta vya penseli vilivyo kwenye pembe ya juu ya baadhi ya kadi. Nadhani penseli yako ilikuwa inagusa pale ulipokuwa ukihesabu. Sasa zimetakata. Fundi alipita akazitazama, akasema, "Dada, ukimaliza hapo njoo unifute na mvi."

Jambo lingine litakufurahisha. Mfumo mpya unaweza kutuma salamu za siku ya kuzaliwa wenyewe. Kila Jumatatu unachapa barua za wiki hiyo, mhudumu anazitia kwenye bahasha, zinakwenda posta. Wewe uliandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu miaka yote hiyo na hakuna aliyejua ni za nini. Nikapendekeza tuzitumie. Mkurugenzi alipiga meza akasema hilo ndilo wazo bora la mwaka. Nikamwambia wazo ni la Mama, mimi nimeliokota tu.

Nisalimie wote.

Mkweo.


Jumatatu, 26 Mei. Manyunyu tangu alfajiri.

Mama,

Shikamoo. Nimehesabu, ni siku arobaini na mbili tangu nikuandikie. Mwanao alimpigia wifi, wifi akasema uko mzima na unakula, ila umekuwa mkimya. Kama posta imelala, iamke. Kama nimekukosea, niambie kosa langu.

Tunafunga droo Jumapili. Barua za kwanza za salamu zinatoka Jumatatu ya tarehe mbili. Ningependa kusikia neno lako kabla ya hapo.

Mkweo.


Jumatano, 18 Juni. Asubuhi baridi, anga jeupe.

Mama,

Shikamoo. Bado sijapata jibu lako, lakini sina mtu mwingine wa kumwandikia haya.

Jana saa nne aliingia mama mmoja wa makamo ya juu, amevaa sweta la kijivu, viatu vya kufunga kamba vya watu waliosimama wodini maisha yao yote. Alinisalimu vizuri. Akakaa. Akatoa barua yetu mkobani akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha shuka.

"Nani hapa anajua kuandika salamu nzuri namna hii?" akaniuliza.

Nikasema, "Ni mimi, mama." Nilisema kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Basi nisomee."

Nikasoma. Ilikuwa inampongeza mwanawe, kwa jina lake, kwa kutimiza miaka thelathini, na kumtakia safari ndefu yenye hatua imara. Maneno hayo ya hatua imara niliyatunga mimi na niliyapenda.

Nilipomaliza akaniambia mwanawe alitengenezewa mguu wa kwanza hapa kwetu akiwa na miaka saba, wa mwisho akiwa na kumi na nane, na akafariki akiwa na kumi na tisa. Tangu hapo yeye mama, ambaye ni muuguzi mstaafu, anatoa mchango wa kila mwezi kwa jina la kijana. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema barua hiyo hakuipokea yeye. Aliipokea mumewe, ambaye miaka miwili sasa kumbukumbu zinamtoka. Siku nyingine anajua kwamba mwana amekufa, siku nyingine hajui, na kwa muda mrefu zile za kujua zilikuwa nyingi zaidi. Mzee aliiona bahasha ina jina la mwanawe. Akaenda akafungua chumba cha kijana, akafungua madirisha, akaiweka barua mezani. Sasa kila jioni anakaa getini anamngoja aje kusoma barua yake. Mkewe akimwambia ukweli, anamjibu, "Wewe mwongo. Ofisi haiwezi kumwandikia maiti." Jana asubuhi mzee alipokuwa anaoga ndipo muuguzi akaichukua. Ilibidi airudishe kabla ya jioni.

Nilimwomba radhi. Kisha akaniuliza, "Kadi ya mwanangu haikuwa na alama?"

Mama, nilimjibu kwamba kadi ilikuwa ya buluu kama ya mtu aliye hai, safi, haina alama yoyote, na kwamba aliyenitangulia hakuacha maelezo.

Akasema, "Yule Mama wa kadi? Yule hawezi kusahau jambo kama hili."

Kisha akasema hana shida na kosa, ameona makosa makubwa zaidi hospitalini. Anachotaka ni mtu wa ofisi aende nyumbani akamwambie mumewe kwa mdomo kwamba barua ilikosewa, maana yeye hasadikiwi tena. Nilimwambia nitawasiliana na Mkurugenzi. Alipoondoka nilimwandikia Mkurugenzi ripoti ya kurasa mbili, na ndani yake nimerudia maneno yaleyale: kadi haikuwa na alama, mtangulizi hakuacha maelezo.

Mkurugenzi ameagiza tumtumie muuguzi barua ya kumwomba radhi. Barua nyingine, Mama. Kwenda hakuna aliyekwenda.

Naogopa kuuliza, lakini nauliza. Vile vinukta vya penseli vilikuwa ni nini?

Mkweo.


Jumatano, 25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo mwili. Usihangaike kuuliza hali yangu ukishasoma haya, nimeshajiuliza mwenyewe.

Kijana yule alipofariki niliiandika kadi yake upya kwa wino mwekundu kama ilivyokuwa desturi. Mama yake akaja kuleta mchango, akaiona mezani. Aliniambia, "Dada, damu nimeiona ya kutosha kazini. Niandikie ya buluu, mimi nitatoa kwa mkono wake." Nikamwandikia ya buluu. Kisha kwenye pembe nikaweka nukta moja ya penseli, maana yake: jina ni la marehemu, mkono ni wa aliyebaki, na huyo aliyebaki ndiye wa kuandikiwa. Wakaja wengine, mjane, kaka mtu, bibi aliyezika wajukuu wawili. Nikawafanyia hivyohivyo. Aliyebaki ni nani niliweka kichwani. Bahasha zao niliandika mwenyewe kwa mkono kila mwisho wa mwaka, na risiti niliwapa mkononi.

Utauliza kwa nini penseli. Kwa sababu watu hubadilika. Baada ya miaka mitatu minne mtu anakuja anasema, sasa weka jina langu mwenyewe. Penseli inafutika bila kuijeruhi kadi.

Hilo ndilo lilikuwa la tatu. Uliponiuliza Februari nililijua palepale, kama ninavyojua jina la mwanangu. Sikukuandikia. Nilipostaafu, Mkurugenzi alinipa karatasi nane nijaze kila nilichokuwa nikifanya, nikajaza zote, nikaruka nukta, nikatia sahihi chini kwamba sikubakisha kitu. Nilibakisha. Nilitaka siku moja waikute nukta, waumize vichwa, wanipigie hodi. Nilitaka niitwe. Miaka ishirini na sita, mwanangu, kisha siku ya kuaga wakanipa saa ya ukutani na soda.

Barua yako ya raba niliipata tarehe ishirini na mbili Aprili. Nilielewa nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ningekuandikia siku ileile ungekuwa na muda wa kutosha. Lakini kukuandikia ilikuwa ni kukiri, nikasema ngoja kesho, na kesho nikaifanya kuwa wiki tisa. Uliponiandikia kwamba pengine umenikosea, nililia mbele ya mtoto wa wifi yako ikabidi nimwambie ni vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Zilikuwa kadi thelathini na saba. Nimekaa siku mbili kuzikumbuka, droo kwa droo, nimefumba macho. Majina thelathini na sita haya hapa kwenye karatasi ya pili, na ubavuni mwa kila jina yule aliyebaki. La thelathini na saba silioni. Najua ni mwanamke, najua lilikuwa droo ya nane au ya tisa, namwona mpaka kitambaa chake cha kichwa. Jina halinijii. Nilijivunia kichwa changu kuliko karatasi yoyote, na kichwa kimenitupa jinsi hiyo.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya Mkurugenzi. Sikuifunga, isome. Nimemwambia kosa ni langu: nilijua alama, nikaficha, nikatia sahihi ya uongo. Raba sikuitaja. Hiyo ni yako, nami sitakusemea wala sitakushtaki. Ukiipeleka barua yangu peke yake utakuwa umeokoka, na mimi sitapungukiwa na kitu, nimeshastaafu.

Mama yako.


Jumatatu, 14 Julai. Asubuhi kavu, upepo wa kutosha kukausha nguo.

Mama,

Shikamoo. Magoti vipi? Nauliza kweli. Mwanao amemwita fundi bomba mwenyewe, bila kuambiwa, na alisimama pembeni akimwelekeza.

Barua yako niliipokea Jumatatu ya tarehe thelathini Juni, saa tisa alasiri. Nilimpelekea Mkurugenzi tarehe tisa Julai. Hizo siku tisa lazima nikueleze, kwa kuwa wewe umenieleza zako.

Siku ya kwanza nilikusoma nikakulilia. Siku ya pili niliitia barua ya Mkurugenzi mkobani ili niipeleke. Nikafika mlangoni kwake, nikamsikia anacheka na Bi Mfumo, nikarudi. Siku ya tatu nilianza kuiona kuwa inatosha. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kila kitu kimo, na kila kilichomo ni kweli. Nilijiambia nikiongeza la raba nitakuwa najitafutia sifa ya unyofu tu. Siku ya nne nilimpikia mwanao chakula kizuri nikamuuliza, kama utani, mtu akisamehewa kabla hajaomba, bado anapaswa kuomba? Akasema, "Inategemea amekula nini." Sikumwambia zaidi.

Na katika siku hizo zote sikuzima zile salamu. Kuzizima ni kubonyeza mahali pamoja tu, Mama. Ninao uwezo huo tangu siku ya kwanza. Lakini ningezizima Bi Mfumo angeniuliza kwa nini.

Tarehe tisa, Jumatano, ndipo nilipochukua majina yako thelathini na sita na kuyalinganisha na tarehe zao. Moja lilikuwa na siku ya kuzaliwa Ijumaa ya tarehe kumi na moja. Barua yake ilikuwa imechapwa Jumatatu na kwenda posta, wakati karatasi yako yenye jina hilo iko mkobani mwangu, chini ya dawati, imegusana na mguu wangu. Ni binti wa mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Barua ya mwezi uliopita niliituma bila kujua. Hii niliituma huku najua.

Nilizima salamu papo hapo. Kisha nikakaa nikaandika yangu, nusu ukurasa: kwamba alama zilikuwepo, kwamba niliziona, kwamba nilizifuta kwa raba kwa wiki mbili na kuzidhania uchafu, kwamba niliulizwa na muuguzi nikajibu hazikuwepo, kwamba salamu zilikuwa wazo langu si la Mama, na kwamba niliijua hatari siku tisa bila kuzizima. Nikampelekea zote mbili, yako juu yangu chini.

Alizisoma akiwa amesimama. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia, sisi wawili na wale walioletewa barua. Akakaa. Akasema maneno makali, mengine ya haki. Usimamizi wa mfumo amempa Bi Mfumo mpaka mwisho wa mwaka. Mimi nimerudishwa kwenye droo. Zimefunguliwa tena, na kazi yangu ni kuzipitia kadi za droo ya nane na ya tisa kumtafuta yule wa thelathini na saba. Nakaa dirishani, nainamisha kila kadi kwenye mwanga kutafuta alama ya penseli ilipobonyea. Wewe hukuwa unakandamiza, Mama. Nami nilifuta vizuri sana. Nimepitia mia nne na kumi na mbili, na bado. Bi Mfumo amejenga kisanduku kipya, "aliyebaki", na hakuna barua itakayotoka kwa jina lolote lenye kisanduku hicho bila mtu kuisoma. Alinionyesha bila kuniangalia usoni, kisha akanivutia kiti.

Kuhusu wewe, Mkurugenzi amesema atakuandikia mwenyewe. Sijui ataandika nini. Nilimwambia tu kwamba kabla ya barua hiyo alipaswa kukuuliza swali, tena tangu Februari.

Kwa mama wa duka la vitambaa nilikwenda Ijumaa yenyewe, asubuhi, nikamkuta ameshaipokea. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapima kitambaa cha mteja. Alikata kitambaa, akakikunja, akamhudumia mwingine. Nilisimama pale mpaka nikaelewa kwamba sitajibiwa, nikaaga. Sijui kama ametukataa au ametusamehe, nami sina haki ya kuuliza ni lipi.

Kwa muuguzi nilikwenda Jumamosi. Sikuweza kukusimulia kwa namna nyingine, kwa hiyo nimekunakilia ukurasa wa daftari langu kama ulivyo. Hakuna aliyewahi kulisoma. Ule mstari wa mwisho huwa nauongeza asubuhi inayofuata.

Mkweo.


*Jumamosi, 12 Julai. Asubuhi ukungu, ukaondoka saa tatu.*

*Nimefika kwa muuguzi saa nne. Nyumba ya geti la kijani, mti hamna, kiti cha plastiki kimewekwa getini kinatazama barabara. Mzee alikuwa amekikalia. Shati limepigwa pasi. Nikamsalimu, akaitikia vizuri, akasema, "Umekuja kumwona? Hajarudi."*

*Nikasema, "Sikuja kwake, Baba. Nimekuja kwako."*

*"Mimi miguu yangu mizima." Akacheka kidogo. Nami nikacheka, kisha nikaona aibu.*

*Muuguzi akatuletea viti viwili vingine. Hakunisaidia kwa neno. Nikamwambia mzee kwamba barua iliyo chumbani niliituma mimi, kwamba nilikosea, kwamba mwanawe alifariki miaka kumi na moja iliyopita na sisi ofisini tulijua.*

*Akasema, "Ina jina lake."*

*"Ndiyo, Baba."*

*"Na ofisi yenu ni ya kweli. Nimefika pale. Kuna yule fundi mrefu."*

*"Ni ya kweli."*

*"Sasa ofisi ya kweli inamwandikiaje mtu asiyekuwepo?"*

*"Kadi yake ilikuwa na alama ya kutuambia. Niliifuta."*

*"Kwa nini?"*

*"Nilidhani ni uchafu."*

*Akalirudia neno hilo, uchafu, si kwa hasira, kama anayeonja kitu. Akainuka, akaingia ndani. Tulimsikia anafunga madirisha, moja, kisha la pili. Akarudi na barua, akanipa. Kisha akamgeukia mkewe, akasema, "Kumbe ulikuwa unaniambia kweli."*

*"Ndiyo," muuguzi akasema.*

*"Siku zote hizi."*

*"Siku zote hizi, mume wangu."*

*"Na mimi nakuita mwongo." Akakichukua kile kiti cha getini akakileta ubavuni mwake, akakaa. Nilikunywa maji niliyopewa.*

*Muuguzi amenisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia barua ninayo, haitamsumbua tena. Akasema, "Barua umechukua. Kungoja ameshaanza. Kesho au keshokutwa atakirudisha kiti getini, na mimi atanirudishia jina langu la mwongo." Kisha akauliza kama nitakuja tena kumwambia.*

*Nimesema nitakuja.*

*Ameuliza mara ngapi. Nimesema kila atakaponiita, na Jumamosi bila kuitwa.*

*Nimerudi nyumbani saa saba. Nimefua. Chakula cha jioni sikukimaliza. Nimelala saa tatu na dakika arobaini.*